Meno Yaliyovunjika Kazini ni Ajali ya Kazi



Tulipowatembelea wenzetu wa mashine za kahawa Gitega na Muyinga tuliona jambo. Aliyekatika kidole huandikiwa ajali siku ile ile, lakini aliyevunjwa meno na mkono wa mashine huambiwa asukutue kwa maji ya chumvi, arudi kazini. Hapana! Meno nayo ni viungo vya mwili. Ajali iandikwe mbele ya mashahidi, mwajiri aipeleke INSS. Mkataba Na. 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1952, unataja matibabu ya meno na viungo vya bandia kwa aliyeumia kazini.

Pengo huzibwaje? Njia ya bei nafuu ni meno ya plastiki, ya kuvaa na kuvua. Usiku yavuliwe, yasuguliwe, yalale majini. Ufizi ukisinyaa yatalegea; yarudishwe kwa fundi wa meno, siyo kukazwa kwa gundi ya viatu kama tulivyokwisha kuona. Daraja halivuliwi, lakini meno mazima ya jirani huchongwa ili yalibebe, kwa hiyo uliza kwanza. Ya tatu ni skrubu ya titani ndani ya taya: mfupa huchukua miezi kuishika, na bei yake wengi wetu hatuifikii.

Jino la mtu mzima likitoka zima, lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Litie ndani ya maziwa, ukimbie kwa daktari kabla saa moja haijapita. Huenda likarudishwa mahali pake.