Kwa nini ukurasa hurejea baada ya mtumiaji kuondoka

MTUMIAJI wa huduma za benki mtandaoni anamaliza shughuli zake katika kompyuta ya umma, anabonyeza kitufe cha kuondoka na kwenda zake. Anayeketi baada yake anabonyeza kitufe cha kurudi nyuma, na salio la mwenzake linajitokeza kwenye skrini. Waundaji wa programu huuliza mara kwa mara: je, seva ilishindwa kumtoa?

La hasha. Seva ilikwisha kumtoa. Kilichoonekana ni nakala iliyosalia katika kivinjari, nacho hakikuiuliza seva lolote.

Kanuni za HTTP/1.1 zilizochapishwa Juni 1999 zilitenganisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Kuna akiba ya kawaida, inayohifadhi faili ili zisipakuliwe tena, na kuna historia ya kivinjari, ambayo kazi yake ni kuonyesha kile hasa alichokiona mtumiaji awali, hata kama kimepitwa na wakati.

Utata ulizidi Firefox 1.5 ilipotolewa Novemba 2005. Kivinjari hicho kilianza kuweka kumbukumbuni ukurasa mzima ukiwa hai, pamoja na hali ya skripti zake za JavaScript. Mtumiaji akirudi nyuma, skripti huendelea pale zilipokomea. Tukio la "load", ambalo wengi wameliegemezea ukaguzi wao, halitokei tena. Chrome ya kompyuta za mezani ilifuata mkondo huo mwaka wa 2021.

Ukaguzi basi wapasa kufungwa kwenye tukio la "pageshow". Sifa yake ya "persisted" ikiwa kweli, ukurasa umetolewa kumbukumbuni, na skripti yafaa iiulize seva iwapo mtumiaji bado ameingia. Akiwa ameondoka, ukurasa upakiwe upya.

Kwa upande wa seva, agizo la kurasa za siri ni "no-store" katika kichwa cha Cache-Control. Wengi huandika "no-cache" wakidhani linakataza kuhifadhi, kosa linaloeleweka kwa kuwa jina lenyewe linapotosha. Agizo hilo huruhusu nakala kuwekwa, mradi kivinjari kiithibitishe kwa seva kabla ya kuitumia. Isipokuwa imebadilika, seva hujibu kwa nambari 304 bila kutuma ukurasa tena.

Hata hivyo, kubandika "no-store" kwenye kila faili ni ubadhirifu. Picha na faili za mitindo hazina siri, na anayelipia data kwa megabaiti ndiye hugharamika. Hizo zipewe majina yenye nambari ya toleo na muda wa sekunde 31,536,000, yaani mwaka mmoja. Jina likibadilika, kivinjari huleta faili mpya.