Francis Imbuga: Mwandishi aliyemkosoa mtawala bila kumtaja jina

JINA la marehemu Profesa Francis Imbuga si geni kwa watu wengi waliopitia shule ya upili nchini Kenya. Kuanzia Vihiga hadi Garissa, na kutoka Mombasa hadi Bute, kule Wajir Kaskazini karibu na mpaka wa Ethiopia, vijana waliisoma tamthilia yake, Betrayal in the City, ilipokuwa kitabu cha lazima katika mtihani wa kidato cha nne miaka ya 2010.

Hata hivyo, wengi waliokariri majina ya wahusika wake hawakupata kujiuliza swali moja muhimu. Iliwezekanaje mwandishi achapishe mwaka 1976 mchezo unaomshtaki mtawala dhalimu, kisha aendelee kufundisha na kuandika nchini mwake bila kutiwa kizuizini?

Imbuga alizaliwa mwaka 1947 huko Maragoli, magharibi mwa Kenya. Alisomea Shule ya Upili ya Alliance, ambako kipawa chake cha uigizaji kilianza kuonekana, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Nairobi. Baadaye alipata shahada ya uzamifu kutoka Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, na kwa miaka mingi akawa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Alifundisha pia nchini Rwanda. Alifariki Novemba 2012 akiwa na umri wa miaka 65.

Kabla ya kutambuliwa kama mwandishi wa vitabu, Imbuga aliandika na kuigiza michezo ya televisheni katika Sauti ya Kenya, shirika la utangazaji la serikali. Kazi hiyo ilimfunza mambo mawili. La kwanza ni ufupi: mchezo wa televisheni hauna nafasi ya hotuba ndefu, na mhusika hana budi kujulikana kwa maneno machache. La pili ni tahadhari. Anayeandikia chombo cha serikali hujifunza upesi ni neno gani litapita na ni lipi litazuiwa mlangoni.

Mafunzo hayo yanaonekana wazi katika Betrayal in the City. Imbuga hakuitaja Kenya. Alibuni nchi iitwayo Kafira, na msomaji akizipanga upya herufi za jina hilo kwa tahajia ya Kiswahili ataipata Afrika nzima. Mtawala wa nchi hiyo hana jina la ukoo wala la kabila. Anaitwa Boss tu. Kwa hivyo, kiongozi ambaye angelalamika kwamba amesemwa, angekuwa amekiri kwa kinywa chake mwenyewe kwamba anafanana na mhusika huyo. Mjumbe hauawi, lakini Imbuga hakutaka kuitegemea methali hiyo peke yake.

Ngao yake ya pili ilikuwa kicheko. Mulili, binamu wa Boss, ni mtu asiye na elimu anayekivunjavunja Kiingereza, na hadhira humcheka kila afunguapo kinywa. Lakini mtu huyohuyo, baada ya kukosa zabuni ya maziwa iliyopewa Kabito, anamchongea mwenzake kwa Boss hadi Kabito anauawa. Kicheko cha hadhira kinakatika ghafla. Mwandishi mwenzake kutoka Uganda, John Ruganda, aliiona mbinu hiyo kuwa msingi wa kazi yote ya Imbuga, akaiandikia kitabu kizima kilichochapishwa mwaka 1992.

Tahadhari hiyo haikuwa woga usio na sababu. Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa kuandika kijitabu cha kuikosoa serikali. Mwishoni mwa 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o alitiwa kizuizini baada ya mchezo wa Kikuyu ulioigizwa na wanakijiji wa Kamirithu kupigwa marufuku. Alamin Mazrui, aliyeandika Kilio cha Haki mwaka 1981, naye alizuiliwa mwaka uliofuata. Ilhali mwaka huohuo wa 1977, Betrayal in the City iliiwakilisha Kenya katika tamasha la FESTAC jijini Lagos, Nigeria.

Wapo wanaodai kwamba tofauti hiyo yaonyesha Imbuga aliwaogopa wakubwa, na kwamba kwa kuandika Kiingereza alizungumza na wasomi pekee. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa Ngũgĩ alianza kuogopwa zaidi alipozungumza na wakulima kwa lugha yao. Lakini kuna upande wa pili. Mchezo uliopigwa marufuku hausomwi darasani. Mchezo uliopita kwa hila ya Kafira uliingia katika mtaala, nao ukafika mahali ambapo televisheni ya miaka ya 1970 haikufika.

Mahali pamoja ni Kaskazini Mashariki. Eneo hilo lilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari tangu Desemba 1963 hadi 1991. Februari 1984, wanaume wa jamii ya Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, na wengi wao wakauawa na maafisa wa usalama. Idadi kamili ingali inabishaniwa, na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyalaani mauaji hayo katika ripoti yake ya 2013.

Tamthilia ya Imbuga ilitangulia mauaji ya Wagalla kwa miaka minane, wala haikuandikwa kuhusu Wajir. Lakini inaanza na wazazi wazee, Doga na Nina, kando ya kaburi la mwana wao Adika aliyepigwa risasi katika maandamano. Wanazuiwa kumfanyia ibada ya kunyoa nywele, ati kwa ajili ya amani. Mhadhiri Mosese, aliyesema ukweli mazishini, anasingiziwa kumiliki dawa za kulevya na kufungwa. Mwanafunzi wa Bute ambaye babu zake walikatazwa hata kuwalilia wafu wao hadharani hahitaji mwalimu wa kumfafanulia onyesho hilo.

Imbuga hakuishia kwa watawala. Aminata, aliyoiandika kwa ajili ya mkutano wa wanawake duniani uliofanyika Nairobi mwaka 1985, inasimulia kisa cha binti aliyeachiwa ardhi na babake kwa wosia, huku kakake akipinga. Man of Kafira ya 1984 inamfuata Boss uhamishoni baada ya kupinduliwa.

Mwisho wa Betrayal in the City ndio unaoeleza imani ya mwandishi huyu. Wafungwa wanaojiandaa kuigiza mchezo kwa ajili ya mgeni wa taifa wanapewa bunduki halisi, nao wanamgeuzia Boss. Mulili, alipoulizwa kwa nini binamu yake afe, anamkana papo hapo na kutoa sababu tele. Anayepigwa risasi ni Mulili. Boss anaachwa hai. Kwa Imbuga, dhalimu hasimami peke yake. Huinuliwa na wanaomsifu kwa sababu ya zabuni ya maziwa, na haohao ndio watakaokuwa wa kwanza kumkana siku ya hukumu.

Somo hilo halijapitwa na wakati, iwe Nairobi au Bute.