Hewa ya zahanati huamuliwa kabla ya kufunga lenta

KATIKA vijiji vingi vya Muheza, Pangani na Mkinga, ujenzi wa zahanati huanza kwa nguvu za wananchi. Wapo wanaosomba mchanga na mawe, wapo wanaochangia fedha za matofali, na boma likishasimama halmashauri husaidia kupaua na kumalizia. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, maarufu kama MMAM, ulioanza mwaka 2007, ndio uliolenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya.

Kwenye vikao vya ujenzi hujadiliwa idadi ya vyumba, bei ya bati na rangi ya kuta. Dirisha huachiwa fundi. Hapo ndipo wananchi hupoteza kitu ambacho fedha za baadaye hazikirudishi kwa urahisi, kwa sababu lenta ikishafungwa, kupanua dirisha ni kubomoa ukuta.

Sababu ni hewa. Mgonjwa wa kifua kikuu anapokohoa, vijidudu hutoka katika vitone vidogo sana vinavyoweza kuelea chumbani kwa saa kadhaa. Mama aliyemleta mtoto kupimwa malaria anaweza kuvivuta akiwa amekaa benchi moja na mgonjwa huyo. Tanzania ilikuwa katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu kwa kipindi cha 2021 hadi 2025. Dawa za ugonjwa huo hutolewa bure, lakini matibabu ya kawaida huchukua miezi 6, na siku ambazo mkulima hakwenda shambani au mchuuzi hakufungua genge hakuna anayezilipa.

Wataalamu hupima usalama wa chumba kwa kuhesabu hewa yake hubadilika mara ngapi kwa saa. Ikibadilika mara 2, huchukua dakika 138 kuondoa asilimia 99 ya vitu vinavyoelea hewani. Ikibadilika mara 6, ni dakika 46, na ikibadilika mara 12, ni dakika 23 tu.

Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali za mji wa Lima, nchini Peru. Vyumba vilivyofunguliwa madirisha na milango vilibadili hewa kwa wastani wa mara 28 kwa saa, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha mara 12 cha vyumba vyenye mitambo ya kusukuma hewa. Majengo ya kale yenye dari za juu na madirisha makubwa yalifanya vizuri kuliko majengo mapya yanayotegemea madirisha.

Wakazi wa Tanga hawana haja ya kwenda mbali kuona mfano. Jengo la Cliff Block la Hospitali ya Bombo, lililojengwa na Wajerumani zaidi ya miaka 100 iliyopita, lina baraza ndefu zinazotazama bahari. Huko Kilimanjaro, Kibong'oto ilianzishwa mwaka 1926 kuwahudumia wagonjwa wa kifua kikuu. Wakati huo dawa ya kuua kijidudu hicho ilikuwa haijapatikana, na tegemeo lilikuwa mapumziko, chakula na hewa safi.

Kwa anayejenga leo, kanuni inayofaa ni kwamba eneo la madirisha linalofunguka lizidi asilimia 20 ya eneo la sakafu, na madirisha yatazamane ili upepo upite. Chumba cha mita 4 kwa 5 kina mita za mraba 20, hivyo kinahitaji uwazi unaozidi mita 4 za mraba. Dirisha la mita 1.5 kwa 1.2 lina mita 1.8 za mraba. Madirisha mawili ya aluminiamu ya kusukuma pembeni hufunguka nusu tu, yaani mita 1.8 kwa jumla, chini ya nusu ya kinachohitajika. Matatu ya mbao yanayofunguka yote hutoa mita 5.4.

Upande wa jengo nao una faida yake. Pwani ya Tanga hupata kaskazi na kusi kwa zamu. Kuta ndefu zikitazama kaskazini na kusini, jengo hupokea pepo zote mbili na jua la asubuhi na jioni halipigi madirishani. Wavu wa mbu usiondolewe, lakini uoshwe mara kwa mara, maana wavu uliojaa vumbi huzuia upepo.

Wenye zahanati binafsi mjini wajue pia kwamba kiyoyozi cha ukutani cha kawaida hupoza hewa ile ile iliyomo chumbani; hakileti mpya. Anayefunga madirisha ili kiyoyozi kifanye kazi hulipia umeme kila mwezi na huku akiwafungia wagonjwa na kikohozi cha wenzao.

Kuhusu ukungu, mkulima ana ujuzi tayari. Anajua kwamba mahindi yasiyokauka hadi unyevu wa asilimia 13.5 huota ukungu ghalani, na wengi wanakumbuka vifo vya sumukuvu vya Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kuvu wa jamii hiyo hiyo, Aspergillus, hupeperusha mbegu zake hewani kutoka kwenye dari iliyolowa na vumbi la ukarabati. Huwadhuru zaidi wenye kinga dhaifu na wale ambao mapafu yao yaliachwa na makovu ya kifua kikuu. Paa linalovuja lizibwe na palipolowa pakaushwe ndani ya siku moja au mbili. Wakati wa ukarabati wagonjwa wahamishwe, na sakafu ipigwe deki badala ya kufagiwa kavu. Kupulizia dawa au manukato hakuchukui nafasi ya hewa mpya.

Dirisha lina mipaka yake. Chumba cha upasuaji huhitaji hewa iliyochujwa, na upepo ukitulia au madirisha yakifungwa usiku kwa kuogopa wezi, faida hupotea. Nondo madirishani na matundu ya hewa karibu na dari husaidia.

Kwa zahanati ambazo tayari zimejengwa, hatua ya kwanza haihitaji hata mfuko wa saruji: mabenchi ya kusubiri yahamishiwe barazani au chini ya mwembe, na wanaokohoa wahudumiwe kwanza. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya zimekuwa zikipelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, na kamati ya kituo ina wawakilishi wa wananchi. Hao ndio wa kuuliza madirisha yanafunguka kiasi gani. Kwa kijiji ambacho boma bado liko usawa wa madirisha, swali hilo aulizwe fundi wiki hii, kabla hajafunga lenta.