Springi na Shokabsoba za Pikapu Yako: Pima Mzigo Kwanza, Nunua Baadaye

Mkulima, ikiwa unayo pikapu ya dizeli ya miaka mingi, unaijua kazi yake. Asubuhi hupeleka maziwa, mchana hurudi na chakula cha ng'ombe, na wakati wa mavuno hubeba viazi hadi sokoni. Njia nyingi za skimu, kama zile za Kinangop na Ol Kalou, ni za changarawe na matope. Si ajabu basi kwamba springi na shokabsoba huchoka kabla ya injini. Zikichoka, wengi wetu huenda dukani na kuomba springi zilizo ngumu kabisa. Hilo ni kosa, na laweza kuleta ajali. Tafadhali soma sababu zake.

Kazi mbili zilizo tofauti

Springi ndiyo inayobeba uzito. Shokabsoba haibebi uzito. Kazi yake ni kuituliza springi baada ya gurudumu kuingia shimoni, ili gari lisirukeruke na tairi isiachane na barabara. Kwa hiyo, ikiwa nyuma ya gari imelala chini, shokabsoba mpya hazitaiinua. Na ikiwa gari linarukaruka, kuongeza bamba la springi hakutalituliza. Jua kwanza ni kipi kilichochoka.

Jinsi ya kuchunguza

Egesha gari tupu mahali tambarare, tairi zote zikiwa na upepo wa kutosha. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, kisha linganisha kushoto na kulia. Upande mmoja ukiwa chini, huenda springi yake imelegea au bamba limevunjika. Tazama pia bolti ya katikati inayoshika mabamba pamoja. Ikikatika, ekseli husogea na gari huenda upande kama kaa.

Halafu bonyeza kona moja ya gari kwa nguvu, uiachilie. Ikipanda mara moja na kutulia, ni vyema. Ikiendelea kupanda na kushuka, shokabsoba ya kona hiyo imekwisha. Mafuta yanayovuja juu ya shokabsoba, na tairi iliyolika kwa mabaka, ni dalili nyingine.

Pima mzigo wako

Kila gari lina uzito ambao watengenezaji wameuruhusu, yaani gari pamoja na mzigo. Uutafute katika kibao cha gari au katika kitabu chake. Toa uzito wa gari tupu. Kinachobaki ndicho mzigo wako, na wewe dereva umo ndani ya hesabu hiyo. Mathalani, uzito ulioruhusiwa ukiwa kilo 2,500 na gari tupu ni kilo 1,400, zimebaki kilo 1,100. Watu watatu huchukua kama kilo 200. Basi bidhaa zisizidi kilo 900, yaani magunia 18 ya viazi ya kilo 50. Kwa upande wa maziwa, mikebe 10 ya lita 50 ina kilo 515 hivi za maziwa, kabla hujahesabu mikebe yenyewe.

Nunua springi zinazofaa mzigo unaobeba siku nyingi. Kama ni maziwa tu, springi za kawaida za gari hilo zatosha. Kama hujaza gari kila siku, chagua zile za kazi nzito zilizotengenezwa kwa gari la namna hiyo.

Lakini kumbuka: springi ngumu hazibadilishi uzito ulioruhusiwa. Breki, ekseli na chesisi ni zile zile. Gari lililozidishiwa mzigo huku nyuma yake haijalala hukudanganya, na utaugundua ukweli kwenye mteremko, wakati breki zinaposhindwa kulisimamisha. Tena, gari hilo likiwa tupu magurudumu ya nyuma hurukaruka, na chesisi huweza kupasuka.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana. Pikapu nyingi zina kifaa karibu na ekseli ya nyuma kinachopunguza nguvu ya breki za nyuma gari likiwa tupu. Hutambua mzigo kwa jinsi nyuma ilivyolala. Springi mpya zikiinua gari, kifaa hicho huona kana kwamba gari ni tupu, na breki za nyuma hazitashika vya kutosha hata ukiwa na magunia. Mwambie fundi akirekebishe kama kitabu kinavyoagiza.

Mambo ya kuangalia dukani

1. Injini ya dizeli kwa kawaida ni nzito kuliko ya petroli. Kwa hiyo springi za mbele za gari la petroli huenda zisikufae, hata kama gari ni la jina lile lile.

2. Nunua mbili mbili, kushoto na kulia pamoja. Mpya na kuukuu hazivuti sawa.

3. Beba springi ya zamani. Linganisha upana, unene na idadi ya mabamba, na urefu kutoka bolti ya katikati hadi kila ncha. Bolti hiyo haiko katikati hasa katika kila gari.

4. Springi zikiwa ndefu kuliko za kwanza, shokabsoba nazo zapaswa kuwa ndefu kiasi. Shokabsoba isifike mwisho wake kabla raba ya kuzuia kugonga haijafanya kazi, wala isiwe ndiyo inayoning'iniza ekseli gari linapoinuliwa.

5. Usikubali bamba lililochomelewa. Moto huondoa nguvu ya chuma cha springi, nalo litavunjika tena, labda ukiwa njiani na mzigo.

6. Toyota Hilux na Isuzu nyingi za zamani zina fito za chuma zinazojisokota mbele, badala ya mabamba. Usibadilishane ya kushoto na ya kulia. Kukaza bolti yake huinua gari tu, hakuongezi nguvu.

Wakati wa kufunga

Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Weka vigingi imara. Tumia bolti mpya za umbo la U, kwa maana za zamani zimekwisha kuvutika. Bushi za mpira zikazwe kabisa gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake, la sivyo zitajisokota na kuchanika. Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, kaza nati tena.

Ikiwa fedha hazitoshi kwa kila kitu, anza na springi iliyovunjika na gari lisitembee kabla ya hapo. Shokabsoba zifuate, jozi moja baada ya nyingine. Mpaka umalize, punguza mzigo na uende polepole. Safari mbili za magunia tisa tisa zina gharama ya dizeli, lakini gari litarudi nyumbani, na wewe pia.