Lampi za redio zenye nyavu nyingi: zilitoka majumbani, bado zinabeba sauti za mbali

Uvira – Mji wa Uvira umekaa kwenye ukanda mwembamba kati ya Ziwa Tanganyika na milima ya Mitumba. Kwa redio za FM, mahali hapo pana faida na hasara. Juu ya maji hakuna kinachozuia mawimbi, kwa hiyo sauti huvuka ziwa kwa urahisi kati ya Uvira na Bujumbura. Upande wa magharibi, mlima unayakata. Mkaaji wa nyanda za juu, nyuma ya mlima, anaweza kuzungusha redio yake bila kupata kituo cha mjini hata kimoja. Kinachobaki kwake mara nyingi ni masafa mafupi, yanayotoka nchi za mbali.

Sauti hizo za mbali bado zinategemea chombo ambacho vijana wengi wanadhani kilikufa zamani: lampi ya redio, ambayo mafundi wa Tanzania na Kenya huiita vali.

Lampi ni chupa iliyotolewa hewa yote. Ndani yake kuna kathodi, ambayo ikipata moto inatoa elektroni, na anodi, yenye umeme chanya, ambayo inazivuta. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest aliweka kati yao waya mwembamba uliosukwa kama wavu. Umeme kidogo kwenye wavu huo unatosha kuzuia au kuachilia mkondo mkubwa wa elektroni, kama vile mtu mmoja kwenye bariera ya Kavimvira anavyosimamisha msururu wa malori kwa kushusha mti mmoja. Kwa njia hiyo ishara dhaifu ya redio inakuzwa.

Lampi hiyo ya wavu mmoja, triodi, ilikuwa na kasoro. Wavu na anodi vilikuwa karibu mno, na sehemu ya nguvu iliyokwisha kukuzwa ilirudi nyuma kwenye wavu. Kila anayesali amewahi kusikia jambo la namna hiyo: mikrofoni ikisogea karibu na spika, kanisa zima linajaa mlio mkali. Katika masafa mafupi kasoro hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Mjerumani Walter Schottky alibuni dawa yake: wavu wa pili, kati ya ule wa kwanza na anodi. Wavu huo una umeme chanya usiobadilika. Unasaidia kuvuta elektroni, na wakati huohuo ni ukuta unaozuia nguvu isirudi nyuma. Lampi hiyo inaitwa tetrodi.

Lakini dawa ilileta ugonjwa mwingine. Elektroni zikigonga anodi kwa kasi, zinang'oa elektroni nyingine, na hizo zikavutwa na wavu wa pili. Sauti ikaharibika. Mwaka 1926 Bernard Tellegen, wa kampuni ya Philips huko Uholanzi, aliongeza wavu wa tatu karibu na anodi, wa kuzirudisha elektroni hizo zilikotoka. Hiyo ndiyo pentodi, iliyoenea katika redio za nyumbani kabla ya transista. Baadaye zilikuja lampi zenye nyavu tano, ambazo kazi yake ni kuchanganya ishara ya kituo na ishara inayozalishwa ndani ya redio yenyewe.

Transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947, iliziondoa lampi majumbani kwa sababu ni ndogo, haihitaji kupashwa moto na inatumia betri kidogo. Redio za FM za leo nazo hurusha kwa transista. Tofauti iko kwenye nguvu kubwa sana. Transista moja ya kurushia hubeba nguvu ndogo tu ikilinganishwa na hiyo, hivyo inabidi kuunganisha nyingi sana. Tetrodi moja kubwa, inayopozwa kwa maji, hubeba mamia ya kilowati peke yake, na haiungui upesi radi inapopiga karibu na antena.

Mfano wa karibu ulikuwa Kigali. Kuanzia mwaka 1965, Deutsche Welle ya Ujerumani ilikuwa na kituo huko chenye mitambo ya kilowati 250, sawa na majiko 250 ya umeme ya wati 1,000. Mawimbi yake yalipanda angani, yakarudishwa chini na tabaka la juu la anga, yakatua mbali sana barani Afrika, huku yakiruka sehemu za jirani. Kituo hicho kilifungwa Machi 2015, kwa kuwa wasikilizaji wengi walikuwa wamehamia FM, simu na intaneti.

Kwa aliye mjini, mabadiliko hayo ni faida: sauti ni safi zaidi na habari ni za kwao. Lakini FM inahitaji antena iliyo karibu na umeme wa palepale. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mito ilipofurika Uvira na kubomoa nyumba nyingi, kila kilichosimama mjini kilikuwa hatarini, hata nguzo za umeme na minara. Mtambo ulio umbali wa maelfu ya kilomita haufikiwi na mafuriko ya Mulongwe, wala hauzimwi na risasi za hapa.

Kila mtambo mkubwa wa masafa mafupi unapozimwa, gharama hupungua kwa anayerusha. Anayebaki bila sauti ni yule wa nyuma ya mlima, ambaye FM haijamfikia.