Kauli Kuhusu Kisichokuwepo

Kisichokuwepo kabisa, si nje wala akilini, hakiwezi kuelezwa kwa lolote. Ibn Sina (980–1037) anaishikilia kauli hiyo katika sehemu ya metafizikia ya Al-Shifa, na wanamantiki waliomfuata wakaona mahali inapouma: anayesema kwamba hakielezeki amekwisha kukieleza. Waliomtangulia walikuwa na njia fupi. Wanateolojia wengi wa Muutazila wa Basra, akiwemo Abu Hashim al-Jubbai (alifariki 933), walisema kisichokuwepo nacho ni "kitu", ndiyo maana Mungu anakijua kabla hajakiumba. Waliegemea Sura ya An-Nahl, aya ya 40, ambamo kitu kinaamrishwa kiwe, nao wanateolojia wa Ashari wakawajibu kwa Sura ya Maryam, aya ya 9, ambamo Zakaria anakumbushwa kwamba aliumbwa hali hakuwa kitu. Mimi naona mabishano hayo ya aya hayagusi fumbo lenyewe, kwa sababu Muutazila hao walikipa ukitu kile tu kinachowezekana. Mshirika wa Mungu, mfano uliozoeleka madrasani, ni muhali. Hana ukitu huo, na bado tunasema kwamba hawezi kuwepo.

Ibn Sina alijibu kwamba kinachosemwa lazima kiwepo angalau akilini. Fakhr al-Din al-Razi (alifariki 1210) akalipinga jibu hilo kwa ukali: kama joto huingia akilini tunapolifikiri, basi akili ingepata moto. Pingamizi hili limedharauliwa kuliko linavyostahili, maana linatulazimisha kutenganisha dhana na kile ambacho dhana inakitaja. Mulla Sadra wa Shiraz, katika karne ya 17, alitenganisha hivyo kwa kuonyesha kwamba "ni" ina kazi mbili. Kwa maana yake, dhana ya joto ni joto. Kwa namna ilivyo, ni hali ya nafsi, wala haichomi. Vivyo hivyo, dhana ya "kisichokuwepo kabisa" kwa maana yake ni kisichokuwepo kabisa, ila yenyewe ni dhana iliyopo, tena inaelezeka. Kwa upande mmoja inakataa kuelezwa, kwa upande wa pili inaelezwa. Mgongano unaondoka kwa kuwa pande hizo si moja.

Mtu atasema hapa pana ujanja: tuliulizwa habari za kisichokuwepo, tukajibu habari za dhana iliyomo kichwani. Lawama hiyo ingesimama kama kauli ingehitaji kitu cha kukielekea. Lakini Sadra anazisoma kauli za aina hii kama zinazokwenda sambamba na sharti: lau kungekuwa na chochote ambacho dhana hii inakihusu, kisingeelezeka. Sharti huweza kuwa kweli bila sehemu yake ya kwanza kutimia, hivyo msemaji hahitaji kukipata kisichokuwepo ili akikanushe. Anahitaji kuifahamu dhana tu, nayo anayo.