Ushuhuda wa Kurudisha

Kipindi cha ushuhuda katika makanisa yetu siku hizi kina mtiririko wake. "Bwana Yesu asifiwe!" Dada anamshukuru Mungu kwa kiwanja alichopata Kibaha. Kijana anafuata, viza imetoka. Mama anasimulia jinsi mwanawe alivyopangiwa chuo baada ya mfungo wa siku saba. Vigelegele, makofi, mpiga kinanda anapachika noti mbili tatu, mchungaji anauliza nani mwingine. Sina ugomvi na kiwanja wala viza. Ninachokosa ni aina moja ya ushuhuda ambayo wazee wetu waliijua vizuri na sisi tumeizika kimyakimya, nayo ni ya mtu aliyerudisha.

Wazee ninaowasema ni wale wa Uamsho wa Afrika Mashariki. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda mwenye ardhi yake na kazi yake serikalini, alikutana Kampala na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akihudumu katika hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda. Walisoma Biblia na kuomba pamoja. Nsibambi aliacha kazi, akavua viatu, akawa anahubiri kwa kanzu, pekupeku. Mdogo wake Blasio Kigozi alikwenda kufundisha Gahini, akafa kwa homa Januari 1936 akiwa bado kijana. Katika miaka hiyo moto uliwaka Gahini, ukavuka hadi Uganda, Burundi, Kenya, Bukoba, Kongo.

Leo tunawakumbuka kwa wimbo wa Tukutendereza, unaoimbwa hadi kwenye misiba ya watu ambao hawakuwahi kuingia ibadani. Majirani wa wakati ule waliwatambua kwa jambo lisilo na tuni. Aliyeokoka alikwenda kwa mwenye mali. Karani alimwendea mwajiri wake na kusema, hesabu zile nilizichezea. Mkulima alirudisha mpaka wa shamba aliokuwa ameusogeza. Ng'ombe alirudi zizini kwa mwenyewe na kodi iliyokwepwa ikapelekwa bomani, kwa ofisa ambaye pengine hakujua aiandike kwenye daftari lipi. Walikuwa wamemsoma Zakayo katika Luka 19 na kumchukua kama alivyo: ahadi yake ya kwanza baada ya Yesu kuingia nyumbani kwake ilihusu mfuko, nusu kwa maskini, na aliowadhulumu kurudishiwa mara nne.

Sitaki kuwapamba. Walikuwa na ukali wao. Wengine waliungama hadharani mambo ambayo wake zao wangependa yabaki chumbani, na wengine waligeuka mahakimu wa wokovu wa wenzao. Lakini hakuna aliyewashtaki kwa kutafuta faida. Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Mukono, wanafunzi 26 walifukuzwa kwa sababu walikataa kuacha mikutano yao ya alfajiri ya kuomba na kuhubiri. Mmoja wao, William Nagenda, alikuja kuwa mhubiri aliyejulikana mbali kuliko maaskofu wengi, na hakuwekewa mikono maisha yake yote. Gharama ya kwanza walidaiwa na kanisa lenyewe.

Watanzania wa umri mkubwa wanaweza kumkumbuka mwingine wa Uamsho huo, Festo Kivengere, aliyefundisha Dodoma tangu miaka ya 1940 kabla ya kuwa askofu kwao Kigezi, Uganda. Alipookoka akiwa mwalimu kijana, jambo moja halikumpa usingizi: alikuwa akimchukia mmisionari mmoja Mzungu. Alipanda baiskeli, akasafiri mwendo mrefu hadi kwa mtu huyo kumwomba radhi. Mwafrika wa zama za ukoloni, mwenye sababu zote za kuchukia, ndiye aliyebisha hodi.

Zoezi la aina hiyo, la kudaiwa kidogo kidogo na dhamiri, ndilo nadhani linaeleza yaliyofuata. Kenya ilipoingia katika hali ya hatari mwaka 1952, walokole wengi wa Mlima Kenya walikataa kiapo cha Mau Mau, na wengi wao wakakataa pia bunduki za serikali. Pande zote mbili ziliwaona wasaliti. Baadhi waliuawa.

Kisha Janani Luwum. Huyu Mwacholi aliokoka katika Uamsho, Januari 1948, akiwa mwalimu wa shule. Mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Waanglikana wa Uganda, Idi Amin akiwa madarakani. Alikwenda Ikulu mara kwa mara kuwaombea waliokamatwa, na wapo walionong'ona kuwa amekuwa rafiki wa dikteta. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977 alisikia mbwa wakibweka. Mlangoni alimwona mtu anayemfahamu, uso umejeruhiwa. Akafungua. Nyuma ya yule mtu walikuwapo askari, wakaingia na kupekua nyumba nzima hadi kikanisa na ghala la chakula, wakidai wanatafuta silaha. Maaskofu walimwandikia Amin barua ya kulalamika, wakaweka sahihi zao. Tarehe 16 Luwum na maaskofu wenzake waliitwa mbele ya askari na shehena ya silaha zilizopangwa kama ushahidi. Askari wakapiga kelele wauawe. Wenzake waliruhusiwa kuondoka, yeye akabakizwa. Redio ikatangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Walioona maiti waliona matundu ya risasi. Alizikwa kijijini kwao Mucwini, na kaburi alilochimbiwa kwenye kanisa kuu la Namirembe, Kampala, likabaki tupu. Kivengere alivuka milima kwa miguu usiku hadi Rwanda, na mwaka uleule akatoa kitabu chenye jina lililowakera wengi: I Love Idi Amin.

Ningeishia hapo kama Rwanda yenyewe isingekuwapo. Nchi iliyowasha moto wa Gahini ndiyo ambayo mwaka 1994 watu wake, Wakristo kwa sehemu kubwa, waliwaua Watutsi hata ndani ya makanisa walimokimbilia, Ntarama na Nyamata miongoni mwayo. Ubatizo haukumzuia muuaji, na nyimbo pia hazikumzuia. Walikuwapo waliokataa. Félicité Niyitegeka, mwanamke Mkatoliki aliyekuwa akihudumu Gisenyi, alikuwa Mhutu na kaka yake alikuwa ofisa wa jeshi. Kaka alitaka kumtoa. Akakataa kuwaacha Watutsi aliowahifadhi, akauawa pamoja nao Aprili ile. Alikuwa mmoja, na kanisa lilikuwa na mamilioni. Takwimu za waumini wetu, tunazozitangaza kwa fahari kila mwaka, hazisemi lolote kuhusu siku ya namna hiyo.

Mtu atasema: mbona siku hizi watu wanajitoa sana? Kweli wanajitoa, tena wengine kupita kiasi. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa Moshi wakikanyagana kuyafikia mafuta ya upako. Mwaka 2023 makaburi ya Shakahola, kaunti ya Kilifi, yalianza kufukuliwa, na miili zaidi ya 400 ikatolewa, ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu, watoto wakiwamo. Kwa hiyo si kila kinachouma ni msalaba. Kipimo changu ni rahisi, na wanatheolojia wataniwia radhi: nauliza malipo yanakwenda kwa nani. Gharama ya Uamsho, na ya Félicité, ilikwenda kwa mwenye duka, kwa jirani, kwa yule Mzungu aliyechukiwa, kwa Mtutsi aliyejificha. Gharama ya ulaghai huishia madhabahuni, kwenye namba ya simu ya mtumishi au chini ya miguu yake.

Nani anadaiwa leo, katika nchi yenye amani na Jumapili zenye spika kubwa? Mchukue mhasibu wa ofisi yoyote ya umma, mwimbaji wa sauti ya tatu kwaya kuu. Jumatano analetewa karatasi ya mahudhurio ya semina ya siku tano. Semina ilikuwa ya siku mbili. Majina yamejaa, sahihi zimejaa, nyingine zimeandikwa na mkono mmoja, na posho imeshagawanywa kichwani mwa kila mtu, yake ikiwamo. Akiidhinisha, hakuna atakayeumia anayemjua kwa jina. Akigoma, hatapigwa risasi. Ataitwa pembeni kwanza: ndugu yangu, usituharibie. Kisha ataanza kusikia vicheko anapoingia chumba cha chai, mlokole kaja. Mwaka wa fedha ukiisha, barua ya uhamisho kwenda kituo ambacho mkewe hatapata kazi na watoto hawatapata shule waliyoizoea. Nyumbani mke naye atauliza, kwa haki kabisa, kwani wewe peke yako ndiye umeokoka pale ofisini?

Huo ndio mnara ambao Yesu, katika Luka 14, alisema mtu akae kwanza apige hesabu kabla ya kuujenga. Na pale tunamwacha mhasibu peke yake. Kanisa litampigia vigelegele akipandishwa cheo. Akihamishiwa porini kwa kukataa kusaini, atapungiwa mkono stendi na jamaa wawili watatu, na baadhi ya washirika watasema alikosa hekima. Mbaya zaidi, posho ile ya siku tatu hewa ingeletwa kama fungu la kumi, tungeipokea bila swali. Wazee wa Gahini wangeuliza.

Wachungaji, ombi langu ni dogo. Jumapili moja kwa mwezi, kipaza sauti kikishawekwa mbele, msiulize nani amepokea. Ulizeni nani amerudisha, na nani amekataa kusaini. Msitaje watu wala ofisi, msimlazimishe mtu, na kama hatasimama yeyote, kaeni kimya dakika mbili tatu kabla ya kutangaza sadaka. Na siku atakaposimama mmoja, kwaya imwimbie, na wazee wa kanisa wamfuate nyumbani jioni ile kumuuliza kama kodi ya nyumba imelipwa.